Hapa Hakuna Njoo Kesho

Dada yangu Selestina ana duka la fanicha pale Masasi, kwenye barabara ya kwenda Newala. Ndani kuna kila kinachong'aa: makochi yaliyofungwa nailoni, vitanda vyenye vioo kichwani, makabati yanayokuja vipande vipande ndani ya maboksi kutoka China. Lakini mwenye duka hakalii kochi. Kwa miaka amekaa juu ya kigoda cha mti, kifupi, kisicho hata na vanishi, mgongo umenyooka, uso ameuelekeza ng'ambo ya barabara. Wateja wageni hudhani ni unyenyekevu. Mimi ni mdogo wake, naitwa Dorika, ndimi ninayefuta vumbi na kukaribisha watu, na nawaambieni hakuna unyenyekevu pale. Ile ni hasira, imekaa.

Ng'ambo ya barabara ni karakana ya Gideoni, fundi seremala. Ningependa sana kuandika kwamba alikuwa fundi mbovu, roho yangu ingetulia. Hakuwa. Mlango alioufunga Gideoni haukulia, na meza yake ukiipitishia kiganja hukuti mahali pa kukukwaruza. Alipatanisha mbao bila msumari hata mmoja, ulimi ndani ya tundu, kisha kabari ndogo ya mti anaijua yeye peke yake ilipo. Ubaya wake ulikuwa mdomoni. Ukienda kuulizia kazi yako atakutazama kwa huruma, ataweka randa chini, atasema, "Mama Pendo, njoo kesho." Kesho ukija, njoo kesho. Mji mzima ulikuwa ukicheka jambo hilo kama vile ni ugonjwa aliozaliwa nao, masikini, hana la kufanya.

Pendo ndiye mtoto wa kwanza wa dada, na kitanda chake cha arusi kilikuwa na mti wake tangu hajazaliwa. Ulikuwa mninga, umesimama mpakani mwa shamba la mama yetu kule Lulindi. Mjomba Cyril, kaka yake mama, ndiye aliyeuacha alipokuwa akisafisha shamba apande mikorosho. Akapigilia kulabu ya chuma kwenye shina, akatundika mzinga wa nyuki, akasema mti huu ni kitanda cha binti wa kwanza wa Selestina. Kwetu mjomba akisema, imetoka. Mjomba alikufa, mti ukabaki, na hakuna aliyethubutu kuugusa hata miaka ya njaa.

Pendo alipoposwa na Nikolao, mwalimu wa Newala, tukafuata kibali, tukaukata. Wapasuaji walipofika kwenye shina wakaikuta ile kulabu, mti umeimeza. Chuma kilikuwa kimetia rangi ndani ya ubao: doa jeusi lenye ubuluu, refu, limepinda kama mundu. Mpasuaji akasema ubao umeharibika, autupe. Dada akamnyang'anya. Mbao zote zikakaa chini ya upenu wa jiko la mama zikikauka, ndipo zikapelekwa kwa Gideoni.

"Doa hili usilikate," dada alimwambia. "Liweke kichwani, katikati. Huo ni mkono wa mjomba."

"Nimekuelewa, Mama Pendo," Gideoni alisema. Na alielewa kweli, hilo ndilo linaloniuma.

Sasa nieleze mila yetu, maana ndiyo aliyotunyongea. Kitanda cha bibi arusi hutoka kwao kikiwa kimefunikwa blanketi, kimefungwa kamba. Njiani hakifunguliwi. Upande wa bibi arusi hawaruhusiwi kukichungulia, ni mkosi. Macho ya kwanza ni ya wakwe. Kikifika, wimbo unakatishwa, mama mkwe anafunua kichwani na kukigonga kwa kifundo cha kidole. Tunaita kukibishia hodi. Mti mzuri unaitika, na ukiitika wanawake wanapiga vigelegele. Gideoni alikuwa mtu wa kwetu, Mwanglikana mwenzetu, amegonga na kusikia vitanda vingi kuliko kungwi yeyote. Alijua kwamba akishafunga kamba, hakuna mkono wa mtu wa Masasi utakaoifungua.

Baada ya njoo kesho zake zote, alikitoa siku ya mwisho, kimeshafungwa, akakipandisha mwenyewe kwenye kenta. "Kibebeni taratibu," alisema. Kisha akaenda kanisani akaimba besi katika kwaya ya arusi ile ile. Nilimwona kwa macho yangu, amefumba macho, anaimba kwa hisia.

Newala wanawake walikuwa wamejaa uani. Mama Nikolao akafunua, akagonga. Tok. Sauti kama ya kugonga gunia. Akagonga tena, mahali pengine, akainama akanusa, akafuta kidole kwenye kanga yake, kikaacha alama ya kahawia. Kilikuwa kitanda cha mwembe, kimepakwa oili chafu ya gari ili kionekane mninga. Kichwani hapakuwa na doa lolote.

"Nyie watu wa Masasi," Mama Nikolao alisema polepole, "kumbe kwenu miti imekwisha?"

Walicheka. Dada yangu alisimama katikati ya kicheko kile, kanga ya begani ikateleza ikaanguka, hakuiokota. Ndugu wa Nikolao wakakiingiza kitanda ndani hivyo hivyo, maana kingine hapakuwapo. Asubuhi yake shuka nyeupe ya maharusi ilitoka na mistari ya oili, na Mama Nikolao akaianika kwenye kamba ya mbele, inayoonekana njiani. Pendo akaanza ndoa yake kwa kuitwa Mama Oili.

Dada alirudi Masasi akaenda karakana moja kwa moja, mimi nyuma yake. Gideoni hakukana hata kidogo.

"Mama Pendo, msimu wa korosho huu. Mtu kaja na hela mkononi, kakipenda. Ningefanyaje? Pendo si ameolewa? Basi. Mti ni mti, juu yake mnatandika shuka."

"Umemuuzia nani?"

"Hayo mambo ya wateja wangu." Akachukua randa. "Na wewe mwanamke, ya mbao unayajulia wapi?"

Wazee wa kanisa wakawaita wawapatanishe. Gideoni alikuja na kigoda. Akakiweka mbele ya miguu ya dada, akasema kwa sauti ya kusikika, "Pole yangu hii, nimeitengeneza kwa mkono wangu. Upumzishie hasira." Wazee wazima, waliokaa pale kupatanisha, wakaficha midomo kwa viganja. Dada akakiinua, akakigeuza, akakitazama chini. Kilikuwa kazi safi.

"Ahsante," akasema. "Nitakitumia."

Msimu uliofuata hela yote ya korosho zake haikununua bati wala shamba. Ilikwenda Dar es Salaam, ikarudi juu ya lori ikiwa vitanda, meza za kioo na makochi. Akakodi fremu ya duka inayotazamana na karakana, mlango kwa mlango. Mchora mabango alipouliza jina la duka, dada akamwambia aandike kwa herufi kubwa nyekundu: HAPA HAKUNA NJOO KESHO. Siku lilipopandishwa bango lile Gideoni alitoka nje na patasi mkononi, akalisoma, akarudi ndani. Dada akaweka kigoda mlangoni, akakaa.

Sitasema vitu vyetu ni bora. Vingine vizuri, vingine ni unga wa mbao uliogandishwa kwa gundi, na ukungu wa Newala ukiingia ndani ya kabati la namna hiyo linavimba kama maandazi. Dada huwaambia wateja hivyo hivyo, bila kuficha: usiliegemeze ukutani, usilifute kwa maji. Watu wakanunua tu. Hawakuwa wanakimbia mninga, walikuwa wanakimbia kudanganywa. Unakuja, unachagua, unalipa, unabeba. Mwanamke aliyewahi kungoja kabati mpaka mtoto wake akaanza kutembea haulizi kama ni la maranda au la mti.

Tukamla Gideoni polepole. Kwanza walimu, kisha manesi, kisha maharusi. Kila kitanda kilipotoka dukani dada alisimama, akaagiza kipakiwe upande wa barabara ulio karibu na karakana. Gideoni aliposhusha bei, naye akashusha, hata kwa hasara. Na Pendo alipelekewa kila kilicho kipya, mpaka chumba chake Newala kikawa kama duka la pili. Yote hayo ili Mama Nikolao afunge mdomo. Hakuufunga.

Mimi nilifurahi. Sitaki mtu anihubirie. Nilipoona mashine yake ya kuranda inabebwa kwenda kuuzwa nilikuwa nafuta vioo, na nilivifuta mpaka mkokoteni ulipopinda kona.

Siku moja asubuhi Gideoni akavuka barabara. Alikuwa amekonda, shati limepauka.

"Hodi."

"Karibu," nilimjibu mimi.

"Habari za asubuhi, Mama Pendo."

"Nzuri."

"Nimesikia unatafuta mtu wa kuunganisha haya mambo ya maboksi."

"Natafuta."

"Mie naweza."

Akatazama pa kukaa. Akasogelea kochi.

"Hapo ni pa wateja," dada akasema. Gideoni akachuchumaa kizingitini, na dada yangu, juu ya kigoda, akawa mrefu kuliko yeye kwa mara ya kwanza. Akamwajiri. Alipoondoka nikaja juu, nikamuuliza kwa nini anamlisha. Akasema, "Ukimfukuza mtu anakwenda zake. Huyu nataka awe karibu."

Basi fundi aliyekuwa hatumii msumari akawa anapiga magoti sakafuni kwetu na kile kifunguo kidogo cha chuma kilichopinda, ameshika karatasi ya picha, anatafuta skurubu ya kwanza inaingia tundu gani. Watu waliopita walimsalimia, naye aliitikia bila kuinua uso. Skurubu zikibaki alizipanga kwenye kiganja akazitazama, nami nikamuuliza, "Fundi, kuna tatizo?" Nilimuuliza hivyo kila siku, hata lisipokuwapo.

Ndipo mwezi wa sita, Mama Huruma wa Tandahimba akapiga simu. Mumewe ni mnunuzi wa korosho, watu wazito. Alitaka kitanda kikubwa chenye droo na taa, tena tuchukue kile cha zamani, tupunguze kwenye bei. "Kimenichosha," alisema. "Kizito, hata kukisogeza nifagie siwezi." Tukapakia kenta, dada mbele na dereva, mimi na Gideoni nyuma na maboksi. Njia yote Gideoni alijikunyata kati ya maboksi. Nilidhani ni baridi.

Mama Huruma alitupokea vizuri, akatukaribisha hadi chumbani, akatoa shuka. "Hiki hapa. Mume wangu alikikuta Masasi kimekwisha kabisa, akakipenda papo hapo." Akageuka. "Si huyu hapa ndiye fundi mwenyewe, aliyekuja kukiunganisha?"

Kichwani mwa kitanda, katikati, doa jeusi lenye ubuluu, limepinda kama mundu.

Nilishika ukuta. Gideoni alikuwa amekishika kifunguo chake cha chuma kwa mikono miwili. Nilimngoja dada apige kelele, nilimngoja amrukie, nami nilikuwa tayari kumsaidia kwa meno. Dada alikisogelea kitanda, akaweka kiganja juu ya lile doa, akakiacha hapo kidogo. Kisha akakibishia hodi. Kilivyoitika, hata Mama Huruma aligeuza shingo.

"Mama Pendo," Gideoni akaanza.

"Fungua."

Alifungua. Zile kabari aliweza kuzitoa yeye tu. Mtu mwingine angekivunja. Alizitoa moja moja akaziweka mfukoni mwa shati. Tukaunga kitanda cha droo, taa zikawaka, Mama Huruma akafurahi, na tukamwacha na furaha yake maana hakuwa na kosa. Kurudi Masasi kutoka Tandahimba lazima upite Newala. Tulipofika Newala dada akamwambia dereva akate kushoto, nyumbani kwa wakwe.

Ukungu ulikuwa umepanda kutoka bondeni, uani kweupe, Mama Nikolao amejifunika kanga mbili. Dada akamsalimia, akamwomba awaite wanawake wote waliokuwapo siku ya kitanda. Mama Nikolao akataka kuuliza, akamtazama usoni, akawaita. Walikuja wengi kuliko siku ile. Gideoni akakisimamisha kitanda katikati ya ua, akarudisha kabari zake. Dada akatoa blanketi ndani ya kenta, akakifunika, akakifunga kamba kwa mkono wake. Kisha akarudi nyuma na kukunja mikono.

"Mama Nikolao, kitanda cha Pendo kimefika. Kibishie hodi."

Yule mama akafunua, akagonga. Sauti ilitoka kavu, safi, ndefu. Hakuna aliyepiga kigelegele. Walikuwa wanamtazama Gideoni.

"Sema," dada akamwambia.

Gideoni akajaribu kusema kwa chini. "Wasikie," dada akasema. Akaanza upya.

"Hiki ndicho kitanda cha Pendo. Nilikitengeneza, nikakiuza kwa mtu mwingine. Kile cha mwembe nilikipaka oili chafu nikakifunga blanketi, kwa sababu nilijua mila, nilijua hawatakifungua njiani. Miti ya watu wa Masasi haijaisha. Mwongo ni mimi."

Pendo alikuwa ametoka mlangoni na mtoto mgongoni. Akaja, akapiga magoti penye kichwa cha kitanda, akauchukua mkono wa mtoto akaupitisha juu ya doa. "Huu ni mkono wa babu Cyril," alimwambia. Kisha akalia, kilio cha sauti, cha mtu aliyekibeba miaka. Mama Nikolao akatutazama sisi, akasema, "Shuka ile niliianika makusudi. Nisamehe, Mama Pendo." Na yeye mwenyewe ndiye aliyeshika mguu mmoja wa kitanda kikiingizwa ndani. Kile cha kioo tulichompelekea kutoka dukani kikatolewa nje, kikasimama kwenye ukungu.

Hapo ndipo ningepiga nukta. Lakini wanawake wa Newala wana mambo yao. Mmoja akamsogelea Gideoni, akamwambia, "Fundi, mie nina mbao za mkongo nyumbani, zimekauka. Nitengenezee kama hiki." Mwingine akataka kabati. Mwingine akauliza kuhusu meza. Mwongo amesimama mbele yao, amejisema kwa kinywa chake, nao wanampa kazi! Damu ilinipanda kichwani. Tumemtoa Masasi tumwaibishe, kumbe tumemtangazia biashara. Nikamwona Gideoni ameinua uso, na usoni mna tumaini, nikatamani kumtia oili.

"Dada, mkataze," nikasema.

Dada aliwatazama wale wanawake mmoja mmoja. "Leteni mbao zenu Masasi," akasema. "Mtazikabidhi kwangu, kitu chenu mtakipokea kwangu. Siku nitakayowaambia ndiyo siku yenyewe." Akamgeukia Gideoni. "Umesikia?"

"Nimesikia, Mama Pendo."

Sasa karakana imefunguliwa, na duka lipo. Anayetaka kitu leo anakuja kwangu, nampa boksi lake na maonyo yake kuhusu ukungu. Mwenye mti wake anavuka barabara. Na kila asubuhi dada anabeba kigoda anavuka nacho, anakiweka katikati ya maranda, hatua chache kutoka kwenye meza ya kazi, anakaa. Haongei, hasuki, hashiki simu. Anatazama kila ubao unavyoingia na kila ubao unavyotoka. Gideoni akiinua macho kutoka kwenye randa anamkuta. Mteja akiuliza kazi itakuwa tayari lini, Gideoni anafungua mdomo na dada anajibu. Fundi ametengeneza vitu vizuri kupita vyote vya ujana wake, na hajawahi kufurahia hata kimoja.

Jioni moja nilipeleka chai, nikawakuta wanafunga. Gideoni alikuwa anafagia, akasimama na ufagio.

"Mama Pendo," akasema, "mie nimezeeka. Nimesema mbele ya watu, nafanya kazi kama ulivyotaka. Utanisamehe lini?"

Dada akainuka, akakichukua kigoda, akakipangusa unga wa mbao kwa upande wa kanga. Akamtazama kwa huruma.

"Njoo kesho," akamwambia.

Kesho yake alikuja kweli, akauliza. Akaambiwa hivyo hivyo.